Mita ngapi, na kuanzia wapi? Historia ya nyumba za kando ya mto, toka Kalehe hadi milima ya Masisi

BURUNGU, MASISI – Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya soko Nyamukubi, katika wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Wachuuzi walikuwa wamefika na mizigo yao, wengine kwa barabara, wengine kwa mitumbwi ya ziwa Kivu. Mvua kubwa ikanyesha juu milimani. Mto Chishova, ambao siku za kawaida mtoto anauvuka huku amekunja suruali, ukateremka na matope, miti na mawe makubwa kama nyumba. Jirani hapo, Bushushu, mito Lukungula na Kabushungu ikafanya vilevile. Asubuhi ya Ijumaa sehemu kubwa ya Nyamukubi ilikuwa uwanja wa mawe.

Miili zaidi ya 400 ilipatikana katika siku zilizofuata, na watu elfu kadhaa wakahesabiwa kuwa hawajulikani walipo. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja, bila jina. Serikali ilitangaza maombolezo ya taifa tarehe 8 Mei. Kisha yakaanza maneno ambayo kila msikilizaji wa Kivu anayajua: watu walijenga vibaya, watu wako karibu mno na mto, watu wahame.

Familia za Masisi zinaijua barabara hiyo. Ndiyo inayotoka Sake kwenda Minova, Kalehe na Bukavu, na mwanzoni mwa 2024, vita vilipokaribia Sake, wengi walipita huko na magodoro kichwani wakatafuta pa kulala Minova. Sasa wengine wamerudi kwenye vilima vyao, wengine wako njiani, na wengine bado wanangoja. Atakayerudi na kukuta nyumba imeungua au imebomoka ataanza tena kwa kuchimba msingi. Kwa hiyo swali la wapi nyumba isimame linamhusu mtu wa Burungu sawa na mtu wa Kalehe. Na historia ya swali hilo ni ndefu kuliko watu wengi wanavyofikiri.

Nyamukubi na Bushushu hazikushtuliwa mara ya kwanza mwaka 2023. Oktoba 2014 mvua ilibomoa nyumba zaidi ya 700 pande hizo za Kalehe, na Umoja wa Mataifa ulitaja watu zaidi ya 130 waliopotea. Wakati huo pia ilisemwa kwamba watu wahame kando ya mito. Miaka minane na nusu baadaye soko lilikuwa palepale na nyumba zilikuwa zimeongezeka. Kusema kwamba watu hao walikuwa wakaidi ni rahisi kwa mtu ambaye hakuuliza wangehamia wapi.

Tazama sura ya nchi yenyewe. Kule Kalehe mlima unashuka kwa ghafla, na kati ya mlima na ziwa kuna vipande vidogo vya ardhi tambarare. Ardhi hiyo inavutia: ina rutuba, ina maji, ina barabara, ina ziwa la kuvulia. Lakini nani aliitandaza? Ni mto wenyewe. Kila mafuriko makubwa ya miaka iliyopita yalileta mchanga na mawe toka juu, yakayamwaga pale mteremko unapokwisha, na mto ukahama kidogo kulia au kushoto kutafuta njia mpya. Baada ya karne nyingi ikawa tambarare yenye umbo la pepeo la kupepea moto, mdomo wake mlimani na ncha yake pana ziwani. Mtu anayejenga juu ya tambarare hiyo, hata akiwa mita mia moja kutoka kwenye maji anayoyaona leo, amejenga ndani ya njia ya mto. Mto unapita upande mwingine kwa sasa tu.

Hapo ndipo sheria nyingi za umbali zinapojikwaa. Zinataja mita. Hazisemi vizuri mita hizo zinaanzia wapi.

Hata hivyo sheria ya Kongo ilikuwa na wazo zuri tangu zamani. Mwaka 1952 utawala wa Wabelgiji ulitoa dikrii ya tarehe 6 Mei juu ya maji, maziwa na mito. Mwaka 1957 ikaja dikrii ya tarehe 20 Juni juu ya mipango ya miji. Baada ya uhuru, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikaweka wazi kwamba njia ya kila mto na kila ziwa ni mali ya umma, haiuzwi, haigawiwi. Na njia hiyo haiishii pale maji yanapoonekana. Inafika hadi mstari wa maji ya juu kabisa katika mafuriko ya kawaida yanayorudi kila msimu.

Msikilizaji aifikirie sentensi hiyo. Inasema kwamba mto wa Aprili ndio mto halisi, na mto wa Julai ni sehemu yake ndogo tu. Parseli iliyouzwa wakati wa kiangazi, maji yakiwa chini, inaweza kuwa ndani ya mto mbele ya sheria, hata kama muuzaji ana karatasi yenye muhuri. Ni kipimo kinachotokana na mto wenyewe, na mzee asiyejua kusoma anaweza kukionyesha kwa fimbo. Udhaifu wake ni kwamba kinahesabu mafuriko ya kawaida. Mafuriko kama yale ya Nyamukubi, yanayokuja mara moja katika umri wa mtu, yanauvuka mstari huo bila shida.

Mwaka 2002 sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti ikaongeza kipimo cha mita: hakuna ruhusa ya kukata miti kwa mita 50 kila upande wa mto, wala kwa mita 100 kuzunguka chemchemi. Atakayepita toka Sake hadi Kitchanga ahesabu mwenyewe ni vijito vingapi bado vina miti mita 50 kila upande. Malisho ya ng'ombe yanateremka hadi majini, mashamba ya maharagwe na mahindi yanateremka hadi majini. Mlima usio na miti hauwezi kuyashika maji. Mvua ya saa moja inafika bondeni yote kwa pamoja.

Kwa nini watu wako bondeni? Majibu yako kwenye historia ya ardhi, na katika Masisi historia hiyo inauma. Mwaka 1928 utawala wa kikoloni uliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyojulikana kwa herufi CNKi, na kuipa mamlaka juu ya ardhi kubwa ambayo iligawiwa walowezi wa kizungu. Kahawa, chai, pareto na ng'ombe vikachukua miteremko mizuri ya Masisi. Mwaka 1925 Hifadhi ya Albert, leo Virunga, ilikuwa imekwisha kufunga upande mwingine. Kuanzia 1937 utawala huohuo ulihamisha familia kutoka Rwanda na kuziweka Gishari, ndani ya Masisi, kupunguza msongamano kule na kupata wafanyakazi huku. Watoto na wajukuu wa wote, wenyeji na waliohamishwa, wamekulia katika nchi ambayo milima yake iligawanywa kabla hawajazaliwa.

Uhuru haukubadilisha ramani hiyo sana. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mali za wageni zinapewa wananchi, lakini mashamba makubwa ya Kivu yalikwenda kwa watu waliokuwa karibu na mamlaka. Na ile sheria ya 1973, iliyosema ardhi yote ni mali ya serikali, iliahidi kwamba ardhi za kimila zingewekewa utaratibu wake kwa amri ya Rais. Kizazi kizima kilizeeka kikingoja amri hiyo. Kati ya karatasi ya ofisi ya ardhi na neno la mwami kukabaki nafasi, na katika nafasi hiyo viwanja vimeuzwa mara mbili, mara tatu, vikiwemo vya kando ya mto.

Wazee wa Masisi wengi walijenga juu, kwenye mabega ya vilima, nyumba moja hapa na nyingine kule, kila moja na migomba yake. Kushuka mtoni ilikuwa kuchota maji na kurudi. Mambo mawili yaliwateremsha watu. La kwanza ni barabara. Katika sehemu nyingi za Kongo utawala wa kikoloni ulivisogeza vijiji kando ya barabara ili kodi ikusanywe na kazi isimamiwe kwa urahisi, na barabara inapenda bonde. Penye barabara na mto panakuwa na daraja, penye daraja panakuwa na soko, na penye soko kila mtu anataka kibanda.

La pili ni vita. Tangu 1993, vita vilipowaka Walikale na Masisi, watu wameteremka usiku wakiwa na watoto mgongoni na kuomba mahali pa kutandika bache. Aliyekimbia haombi kilima. Anapewa kipande ambacho mwenye ardhi hakitumii, na kipande ambacho mwenye ardhi hakitumii mara nyingi ni kile kinachojaa maji. Kitchanga ilikua namna hiyo kwa miaka mingi, na kambi za Kahe na Mungote ndani yake, hadi Januari 2023 vita vilipoufikia mji wenyewe na waliokuwa wamekimbilia hapo wakakimbia tena. Kisha kandokando ya Goma zikaja Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala. Februari 2025 kambi hizo zilibomolewa na watu wakaambiwa warudi makwao. Wengi wanarudi wakiwa na kitu kimoja tu cha kuchagua, yaani mahali pa kusimamisha mti wa kwanza wa nyumba, na hata hapo si wote wanaochagua.

Msiba wa maji hauko mbali na Masisi. Mwezi mmoja kabla ya Nyamukubi, tarehe 2 Aprili 2023, mlima uliporomoka katika kijiji cha Bulwa, Osso-Banyungu, mchana, na kuua watu 20 hivi. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto waliokuwa kwenye kijito chini ya mlima, wakifua nguo na kuosha vyombo. Hakuna mita za kujenga ambazo zingewaokoa hao, kwa sababu hawakuwa nyumbani, walikuwa kwenye kazi ya kila siku. Inafaa kukumbukwa pale mtu anaposema kwamba kuhamisha nyumba kunamaliza hatari yote. Maji ya bomba juu ya kilima yangekuwa sehemu ya jibu pia.

Sake ilipata yake mwanzoni mwa Oktoba 2020. Mji huo umekaa mahali penye sura ileile ya Kalehe: milima ya Masisi nyuma, ghuba ya Kabuno mbele, na mito mifupi kama Kihira na Mutahyo inayokata katikati. Mvua ya usiku iliijaza na watu zaidi ya kumi wakafa, nyumba zikachukuliwa. Aliyeiona Sake baada ya hapo aliona mawe yamelala barabarani ambako juzi palikuwa na maduka.

Miezi michache kabla yake, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe uliingia Uvira. Watu kama 50 walikufa, makumi ya maelfu wakakosa pa kulala, daraja likavunjika na mji ukakatika vipande viwili. Mitambo ya maji ya Regideso ikaharibika, na watu wakachota ziwani huku kipindupindu kikiogopwa. Uvira nayo imebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika. Mji ulipokua haukuwa na upande wa kupanuka ila kwenda juu mlimani au kukaribia mito. Ulifanya yote mawili. Nyumba zilizojengwa juu zililegeza udongo, na udongo ukateremka kwa nyumba za chini.

Majirani wameandika mita zao. Uganda, katika kanuni za mwaka 2000, iliweka mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa kwa majina na mita 30 kwa mingine. Tanzania, katika sheria ya mazingira ya 2004, iliweka mita 60. Rwanda mwaka 2005 iliandika mita 10 kutoka mtoni na mita 50 kutoka ziwani. Kenya ina kanuni zaidi ya moja, na umbali unacheza kati ya mita 6 na mita 30. Ukizipanga namba hizo pamoja utaona haraka kwamba hakuna mita iliyoshuka kutoka mbinguni. Kila nchi ilikisia kati ya hatari ya maji na uhaba wa ardhi, na Rwanda yenye watu waliobanana ilichukua namba ndogo.

Mita hizo zimefanya nini? Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, siku mbili kabla ya Nyamukubi, mvua zilezile za ukanda huu ziliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na Sebeya ikajaa Rubavu, karibu kabisa na Goma. Mita kumi za Sebeya hazikuwa kitu usiku ule. Upande wa pili wa Ruwenzori, mto Nyamwamba ulibomoa Kilembe na sehemu ya Kasese tarehe 1 Mei 2013, ukarudi Mei 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe iliyokuwa imepigwa mara ya kwanza. Hospitali hiyo ilijengwa bondeni kwa sababu mgodi wa shaba ulikuwa bondeni. Wagonjwa wakafuata hospitali, wachuuzi wakafuata wagonjwa. Ni hadithi ya soko la darajani, kwa nguo nyingine.

Lakini somo linalowagusa zaidi watu waliohama makazi liko Dar es Salaam. Bonde la Msimbazi lilitajwa katika mpango wa mji wa mwaka 1979 kuwa eneo la hatari lisilofaa kwa makazi. Watu wakajenga, kwa sababu bonde liko karibu na Kariakoo, na mtu wa kipato kidogo anahitaji kufika kazini kwa miguu. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40. Safari hii serikali haikusema tu ondokeni. Ilitoa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Ni jambo ambalo Kivu haijawahi kuliona kwa ukubwa ule, na linastahili sifa. Hata hivyo Mabwepande ilikuwa mbali na kazi, nauli ilikula mshahara, na kuna familia zilizorudi bondeni. Mwishoni mwa 2015 matingatinga yaliingia Mkwajuni na sehemu nyingine za bonde, nyumba zikiwa zimechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Waliobomolewa wengine walikuwa na hati. Wengine walikuwa wamelipa kodi ya nyumba miaka mingi, na serikali ilikuwa imepokea.

Nairobi ilirudia mwaka 2024. Mvua za Machi hadi Mei ziliua watu karibu 300 nchini Kenya, Mathare ikiwa kati ya sehemu zilizopigwa. Serikali ikaamuru wote walio ndani ya mita 30 za mto waondoke, matingatinga yakafuata mara moja, mvua ikiwa bado inanyesha, na kila familia ikaahidiwa shilingi 10,000. Kwa fedha hiyo mtu anapata kodi ya miezi michache. Hapati kiwanja. Basi aliyeokolewa na mto alilala nje kwa sababu ya tingatinga, na alipopata nguvu alitafuta chumba kingine cha bei anayoiweza. Vyumba vya bei hiyo viko wapi? Kando ya mto.

Kwa hiyo kuna makosa mawili yanayokwenda pamoja, na Kivu ina nafasi ya kuyafanya yote mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kupima kutoka kwenye maji ya leo. La pili ni kumwondoa mtu bila kumwonyesha mahali pengine ambapo anaweza kulima, kuuza na kupeleka watoto shule. Kosa la kwanza linaua usiku mmoja. La pili linamrudisha mtu palepale ili auawe na la kwanza.

Lipo na la tatu, dogo lakini baya: kutumia usalama wa mto kama kisingizio cha kuchukua ardhi. Katika Masisi, ambako mpaka wa shamba umewahi kumwaga damu, mtu akiambiwa ahame kando ya mto atauliza kwanza nani atakipata kiwanja chake. Ana haki ya kuuliza. Kama ardhi iliyoachwa kwa ajili ya mto itaonekana mwaka mmoja baadaye ina ng'ombe wa mkubwa fulani, au nyumba ya ghorofa, hakuna atakayesikiliza tena. Ardhi ya mto ikishatengwa iwe ya mto kwa wote: miti ya mianzi, majani ya tembo, bustani ya mboga ya msimu ambayo maji yakiichukua haichukui mtu. Katika vijiji vingi hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Bondeni palilimwa, hapakulalwa.

Msikilizaji anayerudi kwenye kilima chake mwaka huu hawezi kungoja mpango wa mji. Wala hana fedha ya mpimaji. Lakini mto unaacha alama, na mtu anaweza kuzisoma kabla ya kuchimba msingi. Mawe ya duara, laini kama yai, yakionekana katikati ya shamba mbali na maji, yaliletwa na maji, kwa sababu jiwe lililovunjika mlimani lina kona kali. Shimo la choo linaonyesha mengi: ukichimba ukakuta tabaka la mchanga, kisha udongo, kisha mchanga tena na kokoto, kila tabaka la mchanga ni mafuriko yaliyopita juu ya mahali unapotaka kulala. Baada ya mvua kubwa, majani na takataka hunasa kwenye matawi ya miti ya kando, na mstari huo uangaliwe siku hiyohiyo kabla haujaanguka. Upande wa nje wa kona ya mto unaliwa kila mwaka, hata kama ukingo wake uko juu na unaonekana mgumu. Na mahali ambapo kijito kinatoka kati ya vilima viwili na kuingia kwenye tambarare ndipo pabaya kuliko pote, ingawa ndipo panapopendeza.

Daraja nalo linapotosha mtu. Miti na mawe vikiziba chini ya daraja dogo, maji yanarudi nyuma na kupanda kwenye nyumba ambazo mto haukuwahi kuzigusa. Kusafisha chini ya madaraja ni kazi ya salongo ya Jumamosi moja, kabla ya mvua za Septemba na tena kabla ya mvua za Februari. Haigharimu kitu ila jasho, na pengine ndiyo kazi inayookoa watu wengi zaidi kwa saa chache.

Kisha kuna wazee. Katika kila kijiji yupo mzee au mama mwenye miaka sabini na zaidi anayekumbuka mwaka ambao mto ulifika kwenye mti fulani, au ulichukua ng'ombe wa fulani, au uliacha njia yake ya zamani. Ujanja wa kuuliza ni kutouliza kama mto ni hatari, maana atajibu kwa adabu tu. Aulizwe ulifika wapi. Atanyoosha mkono. Shida ya vita hivi ni kwamba watu wenye kumbukumbu hiyo wametawanyika: mmoja yuko Goma kwa mtoto wake, mwingine alivuka mpaka, mwingine alizikwa kambini. Wanaorudi ni vijana waliokulia kwenye mahema, ambao hawakuuona mto wa kwao ukijaa hata mara moja. Simu ya dakika tano kwa mzee aliye mbali, kabla ya kukata miti ya nyumba, ina thamani kuliko mita zote zilizoandikwa kwenye makaratasi.

Upande wa mamlaka, yeyote aliye nayo pale kijijini, kazi ya kwanza ni ndogo. Shefu wa kijiji, wazee wawili watatu, kina mama wanaochota maji na mtu wa ofisi ya ardhi akipatikana, watembee kando ya mto kwa mchana mmoja na kupiga alama kwenye miti na mawe pale maji yalipofika zamani. Hapo ndipo mita zianze kuhesabiwa, kwenda juu. Parseli zilizo chini ya alama zisiuzwe tena na mtu yeyote, kwa karatasi wala kwa mbuzi. Na zile ambazo tayari zina watu ziandikwe moja moja, jina la mwenye nyumba, idadi ya watoto, ukubwa wa shamba, ili siku ya kuhama kila jina liwe na kiwanja chake cha juu kilichokwisha kupimwa. Mashamba makubwa ya mlimani, mengine yakiwa na ekari nyingi zinazolala bure, yanaonekana vizuri kutoka chini hapo penye alama.